Pua iliyokwenda upande: kabla hujainyoosha, jua kilichopinda

Kazi yangu ni kupiga picha za watu: za pasi, za vitambulisho, za mahafali, za harusi. Pua nazitazama kutwa nzima, na kwa karibu kuliko watu wengi wanavyotazama hata za wenzi wao. Ombi ninaloletewa mara kwa mara mteja akishaona picha yake ni hili: "Ninyooshee pua kidogo hapo kwenye kompyuta." Picha ya pasi siigusi, maana inatakiwa ifanane na mwenyewe. Hizo nyingine naweza kurekebisha mtu akisisitiza, lakini kwanza namgeuzia skrini tutazame pamoja. Namwonyesha kwamba jicho moja liko juu ya lenzake, taya moja ni pana zaidi, kona moja ya mdomo imeshuka. Sifanyi hivyo kumwongezea huzuni. Hakuna uso wa binadamu unaolingana pande zote mbili, na pua iliyokaa kwenye uso usiolingana inaweza kuonekana imekwenda upande hata kama yenyewe imenyooka.

Kuna pua, hata hivyo, zilizopinda kwelikweli. Yangu ilikuwa mojawapo, na sasa imeshafanyiwa upasuaji. Nimeulizwa habari zake na watu wengi kiasi kwamba nimeona niandike. Swali la kwanza ninalomuuliza kila anayenifuata ni moja tu: kinachokusumbua ni sura au ni pumzi? Wengi hawajawahi kuyatenganisha hayo mawili, na matibabu yake si mamoja.

Shika pua yako sasa hivi kwa kidole gumba na cha shahada. Anzia juu kabisa, katikati ya macho. Hapo ni mfupa, hauchezi. Teremka taratibu. Ukifika karibu na katikati, ugumu unakoma, unasikia kijiukingo chini ya ngozi, halafu inaanza sehemu inayobonyea. Hilo ni gegedu, kitu kigumu lakini kinachopindika, kama kile kinachoshika umbo la sikio. Endelea hadi nchani, ambako unaweza kuisukuma pua huku na huku bila maumivu. Basi sehemu ya nje ni hizo tatu: mfupa juu, magegedu ya kando katikati, magegedu ya ncha chini. Ndani yake umesimama ukuta unaotenganisha matundu mawili, mbele ukiwa gegedu na nyuma ukiwa mifupa myembamba. Ukuta huo ni kama mlingoti wa hema: ukiinama, turubai lote linaufuata.

Ndiyo maana neno "imepinda" peke yake halimwambii daktari kitu. Mfupa unaweza kuwa umesogea na huku chini kote kumenyooka. Katikati panaweza kubonyea upande mmoja, pua ikachora herufi C. Juu panaweza kwenda kulia na chini kushoto, ikawa S. Wengine ukingo wa mbele wa ukuta umeteleza kutoka mahali pake na unachungulia ndani ya tundu moja. Ukimtazama kwa chini unauona wazi. Na wapo ambao nje wamenyooka kabisa lakini ndani ukuta umejikunja hadi umegusa upande. Hao hakuna anayewaambia wana pua iliyopinda. Wanachojua wao ni kwamba wanakoroma na wanaamka mdomo mkavu.

Chanzo nacho hutofautiana. Kuna wanaozaliwa nayo, baada ya kubanwa tumboni au wakati wa kuzaliwa. Kuna wanaopinda wakikua, ukuta ukirefuka kuliko nafasi iliyopo. Kuna waliogonga pua utotoni kwa kuanguka ambako hakuna anayekukumbuka. Gegedu likapata ufa mdogo, likaendelea kukua likielekea upande, na kasoro ikajitokeza wakati wa balehe kana kwamba imeanza jana. Wengine ni matokeo ya upasuaji wa awali, au ya kokeini, ambayo hula ukuta huo hadi ukatoboka.

Yangu ilikuwa kiwiko, kwenye mpira wa kikapu, nikiwa sekondari. Damu ikatoka, ikakata, uvimbe ukashuka baada ya siku kadhaa, na nilipopelekwa kuonwa tukaambiwa pua itarudi yenyewe. Pua iliyovunjika ikahama mahali pake hairudi yenyewe. Mifupa yake huanza kushikana mapema, na kwa mtu mzima daktari ana takriban wiki 2 za kuisukuma irudi bila kulazimika kuikata upya. Kwa mtoto muda ni mfupi zaidi, kama wiki moja. Kawaida mgonjwa huonwa siku ya ajali, kisha huonwa tena baada ya siku 3 hadi 5 uvimbe ukishapungua, maana pua iliyovimba huficha umbo lake. Eksirei mara nyingi haiongezi kitu. Macho na vidole vya daktari ndivyo vinavyoamua.

Lakini liko jambo moja lisilongoja hata hizo siku 3, na ningependa kila mzazi, kila mwalimu wa michezo na kila kocha alijue. Gegedu la ukuta wa kati halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolifunika pande zote mbili. Pigo likiachanisha utando na gegedu, damu huvujia hapo katikati na kujikusanya. Ukimulika ndani ya pua kwa tochi ya simu unaona kitu kilichotuna kutoka kwenye ukuta, laini, chekundu au cha zambarau, mara nyingi pande zote mbili. Aliyeumia anasema pua imeziba kabisa na maumivu yanazidi wakati yangepaswa kupungua. Damu hiyo inatakiwa itolewe haraka, siku hiyohiyo. Ikiachwa, gegedu linakosa chakula na linaweza kufa ndani ya siku 3 au 4. Mara nyingine hugeuka usaha. Baadaye mgongo wa pua hudidimia, na kuujenga upya ni kazi kubwa kuliko kunyoosha pua yoyote iliyopinda. Na mtu aliyegongwa kichwani au usoni akianza kudondokwa na maji mepesi yasiyo na rangi kutoka tundu moja, huenda ni majimaji ya ubongo. Huyo ni wa hospitali moja kwa moja.

Sasa nirudi kwenye kamera, maana hapa nina cha kusema kutoka kwenye kazi yangu.

Simu iliyoshikwa kwa mkono inakuza kilicho karibu nayo, na kilicho karibu zaidi ni pua. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu zao katika jarida la JAMA Facial Plastic Surgery: picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, na ukirudi nyuma hadi mita 1.5 upotoshaji huo unakwisha. Mimi naliona hilo kila siku bila hesabu. Mtu anakuja ameshachukia pua yake kwa sababu ya picha za simu, namsimamisha mbali, navuta kwa lenzi, anaitazama picha na kunyamaza. Tena kwenye kioo tumezoea kujiona kinyume, kushoto kukiwa kulia. Picha ikituonyesha kama wengine wanavyotuona, kila kilichoegemea upande mmoja kinaonekana kimeegemea upande wa pili, na jicho linashtuka. Mwanga nao una lake: taa ikiwa pembeni, kivuli cha mgongo wa pua huangukia shavu moja na pua iliyonyooka inaonekana imelala.

Ukitaka kuijua pua yako kwa haki, mpe mtu mwingine akupige. Asimame mita 2 kutoka kwako, avute picha badala ya kusogea, kamera iwe usawa wa macho yako, mwanga utoke mbele. Usicheke, maana kucheka kunaivuta ncha chini na kupanua matundu. Piga ya mbele, za pande mbili, kisha inua kidevu apige kwa chini matundu yaonekane, halafu inamisha kichwa apige kutoka juu kwenye paji la uso. Hiyo ya juu ndiyo inayosema ukweli mkubwa kuhusu mpindo, na karibu hakuna anayeipiga. Zihifadhi. Ukienda kwa daktari nenda nazo, pamoja na picha zako za zamani ikiwa pua ilibadilika baada ya ajali.

Upande wa pumzi una mitego yake. Wengi huja na ushahidi kwamba tundu moja limeziba na jingine liko wazi, wakaamini ukuta umepinda. Ukweli ni kwamba kwa watu wengi wenye afya matundu hupokezana: nyama za ndani za upande mmoja huvimba kidogo wakati za upande wa pili zinanywea, na baada ya saa chache hubadilishana. Daktari Mjerumani Richard Kayser alilieleza hilo mwaka 1895. Kama kuziba kwako kunahama, leo kushoto na usiku kulia, huenda ukuta hauna kosa, na shida ni aleji au mafua yasiyokwisha. Kuziba kunakokaa upande uleule siku zote ndiko kunakoelekeza kidole kwenye ukuta.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani. Chukua kioo kidogo kilichopoa, kishike bapa chini ya pua, funga mdomo, toa pumzi taratibu. Yatabaki madoa mawili ya mvuke. Yangu yalikuwa doa moja kubwa lililoenea na jingine dogo kama ukucha, na ilikuwa hivyo asubuhi, mchana na usiku. Kisha jaribu hiki: weka vidole viwili shavuni kando ya pua iliyoziba, livute shavu polepole kuelekea sikioni, uvute hewa. Pumzi ikifunguka mara moja, yaelekea tatizo liko kwenye sehemu nyembamba iliyo mbele, pale ukuta unapokutana na gegedu la kando, na daktari anahitaji kulijua hilo kwa sababu kunyoosha ukuta peke yake huenda kusitoshe. Vipimo hivi si uamuzi. Daktari wa masikio, pua na koo atatazama mwenyewe kwa taa, mara nyingi kwa kamera nyembamba, na wakati mwingine ataomba kipimo cha CT. Na ukiwa mtu mzima, upande mmoja ukaanza kuziba juzijuzi, ukazidi wiki hadi wiki au ukatoka damu, usikae ukipima kwa vioo. Hicho kinahitaji kuangaliwa mapema.

Neno moja kuhusu matone ya kuzibua, yale yenye zailometazolini au oksimetazolini. Yanafungua pua ndani ya dakika chache, na ndiyo hatari yake. Ukiyatumia zaidi ya siku 5 au wiki, nyama za pua huzoea, huvimba zaidi dawa ikiisha nguvu, na unajikuta huwezi kulala bila chupa kando ya mto. Nimekutana na watu walioishi hivyo miaka, wakiamini pua yao imepinda, kumbe kinachowaziba ni dawa yenyewe.

Binti wa kaka yangu, ambaye bado yuko shule, alinijia na simu mkononi. "Shangazi, hiki kibanio kinanyoosha pua kweli? Wanasema ukikivaa usiku kwa mwezi tu." Nilimjibu kwamba hakinyooshi. Mfupa ulioshika hausogei kwa kubanwa na plastiki, na gegedu hujikunjua likarudi lilivyokuwa. Anachoweza kukipata ni ngozi iliyochubuka. Mazoezi ya kusukuma pua kwa kidole nayo ni hivyohivyo. Vipodozi, upande mwingine, vinafanya kazi nzuri sana: mstari mwembamba wa rangi ya mwanga, umenyooka kabisa katikati hata kama pua yenyewe haijanyooka, na kivuli hafifu kandokando. Nimewapiga picha maharusi waliopambwa hivyo, na hata mimi ninayejua pa kutazama ilinibidi nitafute mpindo.

Akaniuliza pia kuhusu sindano za kujaza. Hizi ni dawa nzito kama jeli, mara nyingi asidi ya hayaluroniki, inayodungwa pale palipobonyea ili pande zilingane. Haiondoi mpindo, inauficha kwa kuongeza, kwa miezi kadhaa au zaidi kidogo ya mwaka. Haifungui pumzi hata kidogo. Na pua ni miongoni mwa sehemu za hatari zaidi kudungwa usoni, kwa sababu mishipa yake ya damu inaungana na ile inayokwenda machoni. Dawa ikiingia kwenye mshipa, ngozi inaweza kufa na mtu anaweza kupofuka. Nimemwambia kwa maneno hayohayo, bila kupunguza. Anayekubali kudungwa pua na mtu asiye daktari, sebuleni au saluni, anaweka macho yake rehani.

Kilichobaki ni upasuaji, na una aina mbili zinazochanganywa sana. Wa kwanza ni wa ukuta wa ndani. Daktari anapita ndani ya tundu, anainua utando, ananyoosha au kuondoa vipande vya gegedu na mfupa vilivyopinda, anarudisha utando. Nje hapabadiliki kitu, au panabadilika kidogo sana. Wa pili ni wa umbo: mifupa inakatwa kwa mpango na kusogezwa, magegedu yanapangwa upya, mara nyingi kwa vipande vilivyochukuliwa kwenye ukuta wako mwenyewe. Pua iliyopinda nje na ndani huhitaji yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ukinyoosha nje ukauacha mlingoti umeinama, pua itarudi kuufuata.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Freer wa Marekani na Killian wa Ujerumani walieneza njia ya kuondoa sehemu kubwa ya ukuta uliopinda. Pumzi ilifunguka, lakini ukiondolewa mno, mgongo wa pua hudidimia na ncha hushuka. Siku hizi daktari huacha fremu ya gegedu yenye umbo la herufi L, upana wa angalau sentimita 1, juu na mbele, ishike pua. Muulize wako atakachokiacha. Mimi niliuliza, naye akachukua karatasi akanichorea.

Alisema pia jambo nililolithamini kuliko ahadi zote nilizowahi kusikia: "Nitakupa pua inayopumua na iliyonyooka zaidi. Mstari sikuahidi." Alieleza kwamba gegedu hukumbuka lilivyokuwa na linaweza kujikunja tena kidogo, kwamba ukuta unaweza kutoboka au kushikamana na upande, kwamba ganzi ya meno ya mbele ya juu hutokea na kwa kawaida huisha, na kwamba baadhi ya watu hurudi kurekebishwa mara ya pili. Kwa kuwa ngozi yangu ni nyeusi na nene, alinionya uvimbe wa nchani utachelewa kushuka, akaniuliza kama nimewahi kupata kovu la kuvimba mahali nilipojikata. Ukikutana na daktari asiyetaja hatari yoyote, tafuta mwingine.

Nililazwa kwa nusukaputi. Nilipoamka nilikuwa nikipumua kwa mdomo, vipande vya silikoni vikiwa ndani ya pua na gango gumu nje. Maumivu yalivumilika, kilichonichosha ni kuziba, na kulala nimeinuliwa kichwa. Chini ya macho paligeuka zambarau kisha njano. Gango na silikoni viliondolewa baada ya wiki moja hivi, na daktari alipovuta kile kipande cha kushoto, hewa baridi ikaingia upande ambao haikuwahi kuingia tangu nilipokuwa msichana. Nilikaa kwenye kiti nikivuta tu, ndani na nje. Baada ya hapo ni kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kutopenga kamasi kwa nguvu, kupiga chafya mdomo ukiwa wazi, kutovaa miwani mizito juu ya mfupa uliokatwa, na kutojihukumu kwenye kioo mapema, maana umbo la mwisho huchukua mwaka mzima kutulia.

Ukinitazama kutoka juu, bado kuna mpindo mdogo. Sioni haja ya kuugusa.

Wako wateja ambao sitawashauri upasuaji wowote. Mtu anayetumia saa nyingi kila siku kuitazama pua, anayekwepa watu kwa ajili yake, wakati wengine wote hawaioni kasoro hiyo au wanaiona ndogo sana, ana maumivu ya kweli, lakini kisu hakiyafikii. Mara nyingi anatoka chumba cha upasuaji akihamia kasoro nyingine. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili kwanza, na madaktari makini wa pua huuliza hayo kabla ya kupanga tarehe.

Binti wa kaka yangu nilimpeleka kwa daktari, kwa sababu alikuwa akilala mdomo wazi. Umbo la nje aliambiwa asubiri hadi pua ikomae, ambako kwa wasichana ni kama miaka 15 au 16 na kwa wavulana 17 au 18, ndipo aamue kama bado anataka. Ukuta wake umepinda kidogo tu. Kilichomziba ni aleji. Alipewa dawa ya kupuliza ya steroidi na kuelezwa kwamba haifanyi kazi siku hiyohiyo kama matone, inahitaji kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Akafundishwa na namna ya kuipuliza: kichwa kiiname mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ya chupa ielekee upande wa sikio. Ikielekezwa kwenye ukuta wa kati, utando hukauka na pua hutoka damu.